Kabla Mkimbiaji Hajafika: Otofokasi na Picha za Michezo ya Kasi



Nimeombwa nizungumzie mipangilio ya otofokasi kwa picha za michezo ya kasi. Nawaona baadhi yenu mmekwisha kufungua daftari, mkisubiri niwatajie: washa hiki, zima kile, namba hii iwe 2, ile iwe 4. Namba nitazitaja. Lakini namba zimewaharibia vijana wengi picha, kwa sababu wamezinakili bila kujua zinajibu swali gani. Hoja yangu ni hii: kila mpangilio wa otofokasi ni utabiri wa kitakachotokea ndani ya nusu sekunde ijayo, na utabiri huo hautoki kiwandani. Hutoka kwa mpiga picha anayeujua mchezo. Nitaanza na hesabu, nipite kwenye vitufe, kisha twende viwanjani.

Sekunde 9.77

Tarehe 18 Septemba 2021, katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika. Hata tukijumlisha hatua zake za kwanza, anapokuwa bado hajashika kasi, wastani wake ni zaidi ya mita 10 kwa kila sekunde. Tuchukue mita 10 kamili, hesabu iwe nyepesi.

Sasa mweke mpiga picha nyuma ya mstari wa kumalizia, akiwatazama wakimbiaji uso kwa uso, mkononi ana lenzi ya milimita 400 yenye f/2.8. Mkimbiaji akiwa umbali wa mita 20, eneo litakaloonekana kali kwenye picha ni kama sentimita 42 kwa jumla, kwa kamera yenye sensa inayolingana na fremu ya filamu ya milimita 35. Yaani sentimita 21 mbele ya pale lenzi ilipofokasi na 21 nyuma yake. Akifika mita 10, eneo hilo linapungua hadi sentimita 10 hivi. Hapo fokasi ikishika goti lililotangulia, uso umepotea.

Kwenye kamera yenye kioo, kidole kikibonyeza, kioo lazima kwanza kinyanyuke ndipo shata ifunguke. Katika kamera nyingi nzuri za aina hiyo, kazi hii huchukua takriban sehemu 50 za elfu moja ya sekunde. Mwanadamu hauhisi muda huo. Lakini mtu anayekwenda mita 10 kwa sekunde, ndani ya muda huohuo, amesogea nusu mita, na eneo letu la ukali lilikuwa sentimita 42. Kwa hiyo kamera iliyofokasi kwa usahihi kamili pale mkimbiaji alipokuwa wakati kidole kinabonyeza itatoa picha yenye ukungu. Ilipima vizuri, ila ilipima jambo lililokwisha kupita.

Ndiyo maana kamera ya michezo hupiga hesabu ya mahali mtu atakapokuwa. Kiungo anayempa pasi winga aliye mbioni haupeleki mpira kwenye miguu ya winga. Anaupeleka kwenye nafasi iliyo mbele yake. Otofokasi ya mfululizo hufanya hivyohivyo: hupima umbali, hupima tena, hupima tena, hutoa kasi na mwelekeo, kisha huisogeza lenzi mpaka pale inapokadiria mkimbiaji atafika shata itakapofunguka.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Mkimbiaji anayekwenda kwa mwendo uleule, kwa lenzi mwendo wake si uleule. Chukua lenzi sahili ya milimita 400. Ili ihamishe fokasi kutoka mita 40 hadi mita 20, husogea kama milimita 4. Kutoka mita 20 hadi mita 10, husogea zaidi ya milimita 8. Mkimbiaji ametumia sekunde 2 kwa sehemu ya kwanza na sekunde 1 kwa sehemu ya pili, na lenzi imelazimika kwenda kasi mara 4 kuliko mwanzo. Lenzi za kisasa husogeza vioo vichache vya ndani badala ya lenzi nzima, lakini kanuni ni ileile. Hii ndiyo sababu fremu za mwisho, kifua kinapougusa mstari, ndizo ngumu kuliko zote. Na ndizo anazozitaka mhariri.

Wazee wetu walitabiri kwa mkono

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Siku hiyo hapakuwa na kamera ya otofokasi sokoni popote duniani. Ya kwanza kuuzwa kwa wingi, Konica C35 AF, ilitoka mwaka 1977, tena ilikuwa kamera ndogo ya matumizi ya nyumbani. Mwaka 1985 Minolta 7000 ikaleta otofokasi iliyofanikiwa sokoni katika kamera ya kubadilisha lenzi. Mwaka 1987 Canon wakaanzisha mfumo wa EOS, mota ya kufokasi ikiwa ndani ya lenzi yenyewe.

Kabla ya hapo mpiga picha alikuwa na njia mbili. Ama auzungushe mkanda wa lenzi kwa vidole huku mkimbiaji anakuja, ama achague alama kwenye njia ya mbio, afokasi pale, asubiri. Njia zote mbili zilimtaka ajue mapema: nani ataongoza, atapita upande gani wa njia, kona ipi atafumukia. Otofokasi imeichukua kazi ya vidole. Kazi ya kujua mapema imebaki palepale ilipokuwa, na vijana wengi wanadhani nayo imechukuliwa.

Nieleze kwa ufupi mashine yenyewe inavyoona, maana itatusaidia mbele. Kamera hulinganisha mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na uliopita upande wa pili. Taswira hizo mbili zikilingana, fokasi imekaa. Zikiachana, ukubwa wa pengo na upande wake huiambia kamera isogeze lenzi wapi na kiasi gani. Katika kamera zenye kioo, kazi hii hufanywa na kifaa cha pembeni kilicho chini ya kioo. Tangu Canon EOS 70D ya mwaka 2013, imezidi kuhamia ndani ya sensa yenyewe ya picha. Lakini popote inapofanyika, huhitaji mistari na kingo za kulinganisha. Jezi nyeusi isiyo na alama, chini ya taa hafifu, haiipi kamera kitu cha kushika. Namba iliyochapwa kifuani inaipa. Kwa hiyo unapomlenga mchezaji, ipe kamera namba yake, ukosi wa jezi, au ukingo wa bega dhidi ya nyasi. Na ujue kwamba mabango ya matangazo yenye herufi kubwa zinazong'aa nyuma ya goli yana kingo nyingi kuliko mchezaji yeyote. Ukiteleza kidogo tu, kamera itayakimbilia.

Uamuzi wa kwanza: nani anaamua wakati wa kufokasi

Sasa twende kwenye vitufe. Mpangilio wa kwanza hauna mjadala: kwa kitu kinachokwenda, tumia fokasi ya mfululizo. Canon huiita AI Servo, au Servo tu kwenye kamera mpya. Nikon na Sony huiita AF-C. Ile nyingine, ya kufokasi mara moja na kufunga, ni ya mtu aliyetulia.

Wa pili ni mahali pa kuiwashia fokasi. Kamera ikitoka dukani, kitufe cha kufyatulia ndicho pia kinachofokasi. Wapiga picha wengi wa michezo huitenganisha kazi hii: fokasi hupewa kitufe cha nyuma, kilichoandikwa AF-ON, kikaguswa kwa kidole gumba, na kidole cha shahada kikabaki na kufyatua tu. Watu husema ni mazoea. Mimi nasema ni utabiri. Kidole gumba kikibonyeza, unaiambia kamera: huyu ataendelea kwenda, mfuate. Ukikiachia, unaiambia: umbali huu ndio utakaokuwa sahihi, usiuguse. Refa akikatiza mbele yako, unaachia, anapita, unabonyeza tena, na mfululizo wako haukukatika. Bila mgawanyo huo, kila unapofyatua kamera hufokasi upya, hata pale unapojua haifai.

Wa tatu ni kipaumbele. Kamera itakuuliza kwenye menyu: nifyatue pale unapobonyeza hata kama fokasi haijakaa, au nisubiri ikae? Canon hukuruhusu hata kujibu tofauti kwa fremu ya kwanza na kwa zinazofuata. Ushauri wangu: fremu ya kwanza isubiri fokasi, kwa sababu mfululizo ulioanza na ukungu mara nyingi huendelea na ukungu. Zinazofuata ziwe na uzito sawa kati ya kasi na fokasi. Isipokuwa kwenye mstari wa kumalizia. Pale tukio ni moja tu, na picha yenye ukali pungufu kidogo ya kifua kinachougusa mstari ina thamani kuliko picha kali ya mtu aliyekwisha kupita.

Uamuzi wa pili: eneo la fokasi

Kamera ya leo ina mamia ya nukta za kufokasia. Nikon D5 ya mwaka 2016 ina 153. Sony a9 ya mwaka uliofuata ina 693. Wingi huo haukuambii utumie ngapi. Nukta moja inasema: mimi nina uhakika wa kumweka mchezaji hapa hapa, usiangalie kwingine. Nukta moja yenye jirani zake inasema: nitamweka hapa, lakini nikiteleza nisaidie. Eneo pana linasema: sijui atatokea wapi ndani ya boksi hili, chukua aliye karibu zaidi. Na fremu nzima inasema: niamulie wewe.

Kwa mkimbiaji wa mita 100 aliye kwenye njia yake, nukta moja yenye jirani zake inatosha. Njia imechorwa chini, hatoki. Kwa mpira wa miguu, hiyohiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa sehemu kubwa ya mchezo. Eneo pana linafaa pale kitu kiko peke yake dhidi ya mandhari tupu: mruka kwa upondo angani, au gari la mashindano kwenye uwanda. Ukilitumia kwenye boksi la goli lenye watu 15, kamera itamchukua aliye karibu nawe. Mara nyingi huyo ni beki aliyekupa mgongo.

Mnaotumia kamera za mitumba msijidharau. Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 ina nukta 65, zote za aina ya msalaba, yaani zinasoma mistari ya wima na ya ulalo, na hupiga fremu 10 kwa sekunde. Nikon D500 ya mwaka 2016 nayo hupiga fremu 10 na ina nukta zilezile 153 za D5. Kwenye kamera za bei ya chini zaidi, nukta ya katikati ndiyo mara nyingi yenye nguvu kuliko zote. Itumie hiyo, acha nafasi pembeni, kata picha baadaye. Na lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8, kwenye mita 20 na kwa sensa ileile ya hesabu yetu ya kwanza, hukupa eneo la ukali la karibu mita 1.7. Usione huo ni umaskini. Ni nafasi ya kujifunza kutabiri kabla hujapewa lenzi isiyosamehe.

Uamuzi wa tatu: subira ya kamera

Hapa ndipo namba zinapowapoteza watu. Kamera za michezo zina mpangilio unaouliza: kitu kipya kikiingia ghafla kwenye nukta ya fokasi, nibaki na yule wa mwanzo kwa muda gani kabla sijamwacha? Naiita subira ya kamera.

Canon hupima subira hii kuanzia −2 hadi +2. Upande wa hasi kamera hung'ang'ania, upande wa chanya hubadilika haraka. Sony hupima kuanzia 1 hadi 5, ambapo 1 ni kung'ang'ania na 5 ni kubadilika haraka. Nikon nao wana 1 hadi 5, lakini kwao 1 ni kubadilika haraka na 5 ni kung'ang'ania. Tafadhalini liandikeni hilo. Rafiki yako wa Sony akikwambia "mimi kwenye mpira naweka 2", nawe wa Nikon ukaweka 2, umeweka kinyume cha alichokuambia. Namba haina maana nje ya swali linaloulizwa.

Na swali ni hili: katika mchezo huu, kitu kitakachoingia kati yangu na ninayemtaka ni kizuizi, au ndiye ninayemtaka sasa? Kumbukeni mbio za Eliud Kipchoge mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alipomaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wadhibiti kasi 41 walipokezana kumzunguka njia nzima, wengine mbele yake, wengine nyuma. Kwa mpiga picha aliye pembeni ya barabara, kila bega lililokatiza lilikuwa kizuizi. Aliyetakiwa ni mmoja tu. Hapo subira iwe ndefu: −1 au −2 kwa Canon, 1 au 2 kwa Sony, 4 au 5 kwa Nikon. Sasa chukua mwisho wa mbio za baiskeli, waendeshaji wanafumuka mmoja baada ya mwingine kutoka nyuma ya kundi. Anayeingia ndiye habari. Subira ndefu itakufanya ubaki na aliyeshindwa.

Kumbe kitufe kilekile, kamera ileile, majibu mawili yanayopingana, na yote sahihi. Menyu haiwezi kujua tofauti hiyo. Anayejua ni aliyesoma mbio.

Viwanja vitatu

Tuyajaribu haya kwenye michezo mitatu tunayoijua.

Wa kwanza ni mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji. Kuanzia mwaka 1968 hadi 2016, kila Olimpiki ambayo Kenya ilishiriki, Mkenya ndiye aliyeshinda mbio hizi kwa wanaume. Mnyororo huo ulikatwa na Soufiane El Bakkali wa Morocco katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Kwa mpiga picha, kiunzi cha maji ni zawadi. Hakihami. Wakimbiaji watakiruka mara 7, na bwawa lake lina urefu wa mita 3.66. Fokasi juu ya kiunzi, achia kidole gumba, subiri. Mzunguko wa kwanza wanakuja kwa kundi, maji yanaruka kila upande, na otofokasi ikiwa hai itashika matone badala ya nyuso. Ndiyo sababu umeifunga. Mizunguko ya mwisho wametawanyika, na hapo unaweza kuiwasha umfuate mmoja anapotua na kutoka majini.

Lakini utabiri unaweza kukanushwa. Katika fainali ya wanawake ya mashindano ya dunia mjini London, mwaka 2017, Beatrice Chepkoech wa Kenya alikipitiliza kiunzi cha maji kwenye mzunguko wa kwanza, ikabidi ageuke na kurudi kukiruka. Mpiga picha aliyefunga fokasi pale kwenye kiunzi na kuondoa kidole gumba kwenye kitufe alikuwa na umbali usio wake. Aliyekiweka kidole juu ya kitufe, tayari kubonyeza, aliweza kumfuata. Chepkoech mwenyewe alirudi mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia mjini Monaco. Nasi tulichukue fundisho hilo: tabiri kwa uthabiti, na uache mlango wa kusahihisha.

Wa pili ni soka, na niwapeleke Dar es Salaam, uwanja wa Benjamin Mkapa, watani wa jadi Simba na Yanga wanakutana jioni chini ya taa. Umeketi nyuma ya mstari wa goli, karibu na bendera ya kona. Mpira ukiwa katikati ya uwanja, mchezaji yuko mbali, eneo la ukali ni pana, otofokasi inafanya kazi kwa utulivu: subira ndefu, nukta moja na jirani zake. Mshambuliaji akikatiza kwenye eneo la hatari lenye kina cha mita 16.5, kila kitu kinabadilika. Yuko karibu, anageuka, anasimama ghafla. Kamera nyingi zina mpangilio mwingine unaouliza kama mwendo wa mchezaji ni wa kutabirika au wa kubadilikabadilika. Kwa mita 100 jibu ni wa kutabirika, kwa eneo hili jibu ni kinyume chake.

Kona ndiyo mtihani mkubwa. Watu 15 wanaruka pamoja; huwezi kumfuata kila mmoja. Chagua kabla mpira haujapigwa. Anayewafuatilia wenyeji msimu mzima anajua ni beki gani hupanda kwa kona na husimama nguzo ipi. Weka nukta kwake, tangu anapoanza kusukumana na anayemkaba. Ukikosea, umekosa kona moja. Ukiiachia kamera ichague, utakosa nyingi bila kujua kwa nini. Na ukiwa nyuma kabisa ya wavu, usogeze mdomo wa lenzi karibu na nyuzi, fungua hadi f/2.8, utumie nukta moja kupitia tundu. Ukikaa mbali na wavu, kamera itaufokasi wavu, kwa sababu una mistari mizuri kuliko kitu chochote mbele yake.

Wa tatu ni Safari Rally. Mashindano haya yalianza mwaka 1953, na mwaka 2021 yakarejea kwenye ubingwa wa dunia baada ya kuwa nje tangu 2002, safari hii kitovu kikiwa Naivasha. Gari linalokuja kwa kilomita 100 kwa saa husogea karibu mita 28 kila sekunde. Hata kamera ya fremu 20 kwa sekunde huacha mita 1.4 kati ya fremu na fremu. Kasi hiyo otofokasi nzuri inaimudu, kwa sababu gari ni kubwa, lina kingo kali, na haligeuki kama winga. Adui ni vumbi. Gari linapokuja, vumbi liko nyuma yake, na uso wa gari ni safi: mfuate. Likishakupita, mbele yako pamebaki ukuta wa kijivu usio na mistari, na kamera itaanza kusogeza lenzi mbele na nyuma ikitafuta. Likija la pili kabla vumbi halijatua, lenzi imepotelea mbali. Basi gari la kwanza likipita, achia kidole gumba pale pale. Umbali wa kona ni uleule. Gari la pili litatokea kwenye vumbi likikuta fokasi inalisubiri. Haya yote uyafanye ukiwa mahali ambapo wasimamizi wa njia wamekuruhusu kusimama. Hakuna picha inayolipia mguu wa mtu.

Kamera inayotambua watu

Mtaniuliza: mwalimu, kamera mpya zinatambua jicho la mtu zenyewe, je, haya unayosema hayajapitwa? Ni swali la haki. Kamera zisizo na kioo zimeondoa mengi yaliyotusumbua. Nikon Z9 ya mwaka 2021 haina shata ya mitambo kabisa. Sony a9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, inasoma sensa nzima kwa mpigo mmoja na kupiga hadi fremu 120 kwa sekunde. Canon R1 ya mwaka 2024 ina mfumo unaosoma mchezo wenyewe, ukamtafuta anayepiga mpira na kuhamishia fokasi kwake. Ni mafanikio ya kweli, na anayeweza kuipata kamera kama hiyo aitumie.

Lakini tazameni mambo mawili. Mfumo huo wa R1 ulipotoka ulijua michezo 3: soka, mpira wa kikapu na mpira wa wavu. Netiboli, mchezo unaochezwa na wasichana wetu kuanzia shule za msingi hadi timu za taifa, haikuwemo. Yaani hata kiwanda kimekubali kwamba fokasi haiwezi kuamua bila kujua mchezo, ndipo kikaifundisha kamera michezo mitatu. Michezo mingine yote ilibaki ikimsubiri mtu.

La pili, kamera ikitambua nyuso 8 kwenye fremu, haijui ni uso upi ulio habari. Penalti imepigwa, imepanguliwa. Kamera inamfuata kipa anayeshangilia. Labda picha ya siku ni ya mpigaji aliyepiga magoti. Uamuzi huo ni wa kihabari, na hauna kitufe. Tena jaribuni utambuzi huo kwenye mwanga wenu kabla hamjauamini: jua la saa sita mchana, utosini, hutia macho kwenye kivuli, na mchezaji mwenye ngozi nyeusi akiwa na anga jeupe nyuma yake anaweza kugeuka umbo tu. Ongezeni mwanga wa picha kwa ajili ya uso, si kwa ajili ya anga, kisha mtazame kama kamera bado inaliona jicho. Ikishindwa, rudini kwenye nukta moja bila kusita.

Kazi iliyo mbele yetu

Kwa vijana, naacha zoezi. Kabla ya kila mchezo, jibuni maswali matatu kwa maandishi: ninayemtaka atapita njia ya kujulikana au atageukageuka? Atakayekatiza mbele yangu ni kizuizi au ni habari? Kuna mahali ambapo tukio litakuja lenyewe, kama kiunzi, mstari au nguzo? Majibu hayo yakiwa tayari, mipangilio inajipanga: mwendo, subira, eneo, kidole gumba. Mchezo ukiisha, zipitieni fremu zenye ukungu kabla hamjazifuta. Tazameni fokasi ilikwenda wapi. Ikiwa imekaa nyuma ya mchezaji, ubashiri ulichelewa. Ikiwa imemshika beki, subira ilikuwa fupi. Ikiwa imeshika bango, eneo la fokasi lilikuwa pana mno au mkono uliteleza. Fremu mbovu ndiyo pekee inayokuonyesha utabiri wako ulikatikia wapi.

Kwa wahariri, nina ombi, na ndilo lililonileta hapa. Katika vyumba vingi vya habari mpiga picha hutumwa asubuhi kwenye mkutano wa waziri, mchana mahakamani, jioni uwanjani, kisha anaulizwa kwa nini picha ya goli haina ukali. Mkimpa lenzi mpya hamjalitatua tatizo. Mpeni mchezo mmoja kwa msimu mzima. Mruhusuni ahudhurie mazoezi, ajue ni nani hupiga kwa mguu wa kushoto, ni nani hushangilia kwa kukimbilia jukwaa la mashabiki, ni mkimbiaji gani huanza kusukuma ikibaki mita 200. Huo ndio ujuzi unaoingia kwenye menyu ya kamera. Hauuzwi dukani, na hauji kwa kutumwa uwanjani mara moja kwa mwezi.

Agosti mwaka 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na nchi hizohizo tatu zimekabidhiwa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Mashirika makubwa ya picha yatakuja na kamera za bei ambayo wengi wetu hatutaifikia. Hatutawashinda kwa vifaa. Tunaweza kuwashinda kwa kuwajua wachezaji wetu, kwa sababu sisi tumewaona wakikua kwenye ligi zetu, na wao watawakuta siku ya mechi. Faida hiyo ipo mikononi mwetu leo. Tukiifanyia kazi tangu msimu huu, mtoto atakayetaka kuona jinsi goli la nyumbani lilivyofungwa ataiona picha kali iliyopigwa na mtu wa nyumbani aliyejua, kabla ya wageni, kwamba goli lile lingekuja upande ule.